Parker ya marehemu baba, na wino upi uende kwenye kalamu ipi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga. Marehemu baba aliniachia kalamu ya wino, Parker 51. Mwenyewe nikajinunulia Pilot Metropolitan yenye nibu (ncha ya kuandikia) F, yaani nyembamba, na mwaka huu wanafunzi waliomaliza wamenizawadia Jinhao X750. Nataka kuachana na peni za Bic, lakini kila siku nakwama. Nikisahihisha madaftari, wino mwekundu unatambaa na kupenya upande wa pili. Nikipanda kwetu Lushoto, Parker inafika imelowa ndani ya kofia. Nina chupa ya Quink nyeusi, na rafiki ameniletea chupa ya wino mweusi wa wachoraji, ule uitwao wino wa India, anasema haufutiki kwa maji. Nitie wino upi kwenye kalamu ipi?

JIBU: Mwalimu, kabla ya yote, hiyo chupa ya wino wa wachoraji mpe mwalimu wa sanaa leo hii. Isikae hata meza moja na Parker ya baba.

Wino ule ni masizi yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi, mara nyingi ya jamii ya lakiri. Ukishakauka, maji hayaugusi tena, na hiyo ndiyo sifa anayoitaka mchoraji anayechovya, kuchora, kisha kuosha. Wazee wa Pwani waliofungua tenzi zao kwa kuagiza waletewe wino na karatasi walikuwa na kalamu ya mwanzi na kidau pembeni. Kalamu ikichafuka inafutwa, ikichoka inachongwa upya. Kalamu yako wewe imemeza kidau chake. Chini ya nibu kuna mfereji mwembamba kama unywele, na wino wa gundi ukikauka humo hakuna maji wala sabuni itakayoutoa. Nimeletewa kalamu tatu za namna hiyo, na moja tu ndiyo iliyopona.

Upo wino mweusi wa chembechembe uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu hizi, kama Carbon Black ya Platinum au Kiwaguro ya Sailor. Chembe zake zimesagwa laini mno, hauna gundi ile, na kwa kweli haufutiki. Lakini unadai kalamu iandike kila siku na ioshwe kila mwezi. Mwalimu mwenye likizo ya Juni na ya Desemba simshauri.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi huchagua wino kwa rangi, halafu wanautia kwenye kalamu yoyote iliyo tupu. Mimi naanza na karatasi, nakwenda kwenye kalamu, rangi inakuja mwisho. Kalamu ziko karimu na ziko bahili. Karimu inatoa wino mwingi, mstari unabaki unang'aa kwa sekunde kadhaa. Bahili inabana, ukiandika haraka herufi zinakatikakatika. Wino nao uko mwepesi na uko mkavu. Ukavu ninaousema hapa hauhusiani na kukauka upesi. Ni jinsi wino unavyoshikamana wenyewe kwa wenyewe: mwingine umetiwa viungo vinavyofanya kazi kama sabuni, ukiugusisha karatasi unakimbia, na mwingine unasita. Pelikan 4001 ni mfano wa mkavu. Iroshizuku ya Pilot ni mfano wa mwepesi. Quink na Waterman zimekaa katikati, Waterman ikielemea kidogo kwenye wepesi.

Kuanzia hapo, hesabu ni ya kuoanisha vinyume. Kalamu karimu ipe wino mkavu, na bahili ipe mwepesi. Ukiweka karimu na mwepesi pamoja, utapata dimbwi. Bahili na mkavu utapata ukame, na utaanza kukandamiza nibu kama unavyokandamiza Bic, mpaka meno yake mawili yaachane.

Utasoma mahali pengi watu wakiisifu Iroshizuku kuliko wino wowote. Hawasemi uongo. Ni kwamba wengi wao wanaandika kwenye karatasi kama Tomoe River ya Kijapani, ambayo ni nyembamba, gramu 52 kwa mita ya mraba, lakini imetengenezwa hivi kwamba wino unakaa juu yake bila kuzama. Wewe unaandika kwenye daftari la mazoezi la bei ya chini, karatasi inayokunywa. Ongeza unyevu wa Tanga na jasho la kiganja cha mtoto aliyeegemea ukurasa dakika arobaini, na karatasi hiyo inakunywa zaidi.

Jana usiku nilichukua daftari la binti wa jirani, ukurasa wa mwisho usio na kitu, nikaandika neno "ngamia" mara tatu kisha nikaliangalia kwa lenzi. Mara ya kwanza niliandika kwa Jinhao yangu, ya aina hiyohiyo uliyopewa, ikiwa na Iroshizuku ya buluu. Mkia wa "g" uliota mizizi pembeni, macho ya "a" zote mbili yakaziba, na nilipogeuza ukurasa kulikuwa na nukta nzito kila mahali kalamu iliposimama. Nikaiosha kalamu ileile, nikatia Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi. Mstari ulikonda, macho yakafunguka, na nyuma kilibaki kivuli tu. Mara ya tatu ilikuwa Pilot ya nibu F yenye 4001 nyekundu. Nyuma sikuona kitu mpaka nilipoinua karatasi kwenye taa.

Kwa hiyo, Mwalimu, kosa lako nadhani lilianzia hapa: wino mwekundu uliutia kwenye Jinhao, kwa kuwa ndiyo kalamu mpya usiyoionea uchungu. Jinhao ina nibu kubwa, namba 6, ya unene wa wastani, na karibu zote nilizoshika zinatoa kwa ukarimu. Na kusahihisha ndiyo kazi inayofanyika kwenye karatasi mbovu kuliko zote. Umepeleka kalamu yenye mkono wazi mahali panapohitaji mkono wa birika.

Nyekundu ihamie kwenye Pilot. Nibu F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, inakaribia EF, yaani nyembamba zaidi, ya makampuni ya Ulaya kama Lamy, na hiyo ndiyo inayofaa kwa daftari la mwanafunzi. Tafuta 4001 nyekundu ya Pelikan. Chupa ya mililita 30 itakutosha muda mrefu sana. Tatizo la Pilot hiyo ni kibomba chake cha kufyonzea, Con-40, kinachobeba kama mililita 0.4 tu. Ukiwa na mikondo miwili ya kidato cha pili, wino utakwisha kabla hujamaliza rundo la pili. Mimi kibomba nakiacha kabatini. Nachukua katriji ya Pilot, kile kichupa cha plastiki kinachouzwa na wino wake, iliyokwisha, inayobeba mililita 0.9, naiosha, naijaza kwa bomba la sindano la duka la dawa. Ni zaidi ya mara mbili, na katriji moja inajazwa hivyo mara nyingi kabla mdomo wake haujalegea.

Jambo dogo kuhusu alama ya vema. Sote tumeizoea kuivuta kwa nguvu, na mwisho wake tunaupiga mkwaju. Kwa Bic haina neno. Kwa kalamu ya wino, pale unapoinua mkono ndipo tone linapobaki, na ukifunga daftari papo hapo, ukurasa wa pili unapata vema ambayo mwanafunzi hakuifanyia kazi. Nimewahi kuona mtoto akidai alama kwa vema ya namna hiyo, na alikuwa na hoja. Panga madaftari yakiwa wazi, moja juu ya jingine kwa kupishana, au kata karatasi ya kukaushia wino vipande vya kiganja uwe unabandika na kuinua. Usisugue.

Jinhao sasa imebaki tupu. Ioshe kwa maji mpaka maji yatoke meupe kabisa, kwa sababu nyekundu ni king'ang'anizi, kisha uitie 4001 buluu-nyeusi. Hii itakupa kile rafiki yako alichokuwa anakitafuta kwenye wino wa India. Ni wino wa chuma na tannini (ule ukakasi ulio kwenye magome ya miti na chai), ukoo wa ule uliotengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, na Waingereza wameutumia wino wa jamii hii kwenye rejista zao za ndoa na vizazi. Unapoandika unaonekana buluu, na hiyo ni rangi ya kawaida iliyotiwa ili uone unachoandika. Ukigusana na hewa, chuma kilichomo kinabadilika, kinashikana na tannini, na maandishi yanaanza kugeuka kijivu kinachokaribia weusi, ndani ya saa chache na kuendelea kwa siku kadhaa. Kilichoshika kwenye nyuzi za karatasi kwa njia hiyo, maji hayakitoi. Usiniamini mimi: andika mstari, uache usiku kucha, asubuhi udondoshee tone la maji. Buluu itakimbia, mstari wa kijivu utabaki unasomeka. Fanya hivyohivyo kwa Quink nyeusi uone inavyochanika kuwa buluu na kahawia.

Kwa hiyo daftari la mahudhurio, azimio la kazi, na chochote ambacho mkaguzi anaweza kukiomba miaka mitano ijayo, kiandike kwa Jinhao. Faida ya pili ni kwamba wino wa jamii hii ndio wenye adabu kuliko wote kwenye karatasi mbaya. Kama ungeniambia nibakishe wino mmoja tu kwa Afrika Mashariki nzima, ningebakisha huu. Una masharti mawili. Una asidi, na nibu ya Jinhao ni ya chuma cha pua, basi ioshe kila baada ya wiki tatu au nne na usiiache na wino huo likizo nzima. Na chupa ikizeeka ikaonyesha tope chini, usiitikise ukaendelea. Imwage.

Usichanganye wino, hata zikiwa rangi mbili za kampuni moja, mpaka ujue unachofanya. Huu wenye asidi ukikutana na mabaki ya wino usio na asidi unaweza kugandisha chembe ndani ya mfereji, tukarudi kulekule kwa wino wa India. Maji ya kawaida kati ya wino na wino yanatosha. Kalamu ikiwa sugu, tone la sabuni ya vyombo kwenye glasi ya maji, kisha suuza. Maji ya moto hapana.

Tuje kwa Parker. Najua ndiyo uliyokuwa unaisubiri.

Parker 51 iliingia sokoni mwaka 1941. Jina lilitokana na umri wa kampuni: ilianzishwa 1888, na kalamu ilikamilika mwaka wa 51 wake. Umbo lake unalijua hata kama hukuwahi kulishika, maana Hero 616 ya Wachina imeliiga. Nibu yake imefichwa chini ya kilemba cha plastiki, ncha tu ndiyo inachungulia. Kilemba hicho si pambo. Ndani yake kuna kikusanyaji chenye mapezi mengi membamba kinachoshika wino wa ziada, na kwa kuwa nibu haipigwi na hewa, unaweza kunyamaza katikati ya sentensi ukitafuta neno, ukarudi, ikaandika bila kukwama. Kwa mtu anayeandaa somo na huku watoto wanamuita, sijui kalamu nyingine inayomvumilia hivyo.

Kabla ya wino, jua ni ya toleo gani. Zungusha mwili wa nyuma. Ukifunguka ukakuta bomba la chuma lenye kipande cha kubonyeza, hiyo ni ya kuanzia mwaka 1948 hivi, na una bahati: kifuko chake ni cha plastiki imara ambacho mara nyingi bado kizima hadi leo. Chovya kilemba kwenye maji ya kawaida, bonyeza, achia, hesabu mpaka tano, bonyeza tena. Wino wa marehemu utaanza kutoka kama moshi ndani ya glasi. Badilisha maji. Iache ilale ndani ya glasi, kichwa chini, usiku mzima, na kesho urudie. Ya kwangu ilichukua siku nne mpaka maji yakabaki maji.

Usithubutu kutumia spiriti. Hili nalisema kwa aibu. Parker 51 ya kwanza niliyoipata niliisafisha kwa spiriti ya kupaka majeraha, nikiamini naiua uchafu. Mwili wake ni plastiki ya akriliki, na spiriti inaipasua nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi. Kilemba kilipasuka mbele ya macho yangu, na hakuna gundi iliyokirudisha.

Ikishakuwa safi, Quink nyeusi uliyonayo ndiyo mahali pake. Quink ni wino wa Parker wenyewe, tangu 1931, haina chembe, haina gundi, na ikikauka inayeyuka kwa maji. Parker 51 kwa kawaida ni karimu kiasi, na Quink si nyepesi kupita kiasi, basi zinaelewana. Ukichoka na weusi, tafuta buluu ya Waterman, ile Serenity, ambayo mafundi wengi ndiyo tunayoitia kalamu za kale tukitaka kujaribu kitu bila hofu. Ila ni nyepesi kidogo kuliko Quink, kwa hiyo iandikie kwenye kaunta buku zuri, usiiandikie daftari la mazoezi. Na ukikuta kwa mzee yeyote chupa kuukuu ya Parker iliyoandikwa Superchrome, ifanye pambo la kabati. Wino huo ulikuwa mkali, ulikula kalamu ukaondolewa sokoni.

Parker basi iwe ya andalio la somo, barua na sahihi. Usisahihishie. Nibu yake ni ya dhahabu ya karati 14, isipokuwa kama ni ile 51 Special, na ncha yake imeshalika kwa pembe ya mkono wa baba yako. Siku za mwanzo utaona inakwaruza kidogo. Izungushe vidoleni kidogo kidogo, kushoto kisha kulia, mpaka upate pale ambapo inateleza. Hapo ndipo marehemu alipokuwa anashikia.

Kuhusu Lushoto: kalamu haina ugonjwa. Tanga uko usawa wa bahari, Lushoto ni karibu mita 1,400, na shinikizo la hewa linapungua njiani kwa takriban asilimia 15. Kifuko kikiwa nusu wino, nusu hewa, hewa ile inatanuka huku basi likipanda kona za mlimani, na inasukuma kilichoko mbele yake. Kalamu ikiwa imelala ndani ya pochi, kilichoko mbele ni wino. Ikiwa imesimama ncha juu, kilichoko mbele ni hewa tupu, inatoka yenyewe na hakuna anayejua. Kwa hiyo ijaze pomoni kabla ya safari, au iende tupu kabisa, na ikae wima mfukoni ncha juu. Ukifika, subiri kidogo, fungua kofia ukiielekeza mbali na shati. Kwenye ndege ni hivyohivyo.

Ukifungua Parker ukakuta, badala ya bomba la chuma, kuna kifuniko kidogo mkiani kinachofunguka na kitufe cha kusukuma ndani, hiyo ni ya kabla ya 1948. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira ambacho kwa umri huu kimeshaoza. Usisukume. Isuuze ncha kwa nje tu, ifunge kwa kitambaa, uniandikie tena, maana hiyo ina dawa yake na inahitaji kifaa maalumu cha kufungulia.

Na kuhusu kuachana na Bic kabisa: kitabu cha stakabadhi cha ada kina nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati. Kalamu ya wino haiandiki nakala ya pili, achilia mbali ya tatu, na ukiilazimisha utapinda nibu. Bakiza Bic moja kwenye droo ya ofisi.